Gitaa la Fundi Singano na Bati la Maua Arobaini

Sumaku haivikwi bati.

Mmenisikia nikiyasema hayo mliponiletea chai, chai yenye tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, kila kitu kimo isipokuwa majani ya chai. Mkaangaliana, mkacheka, mkadhani bibi kaanza kupotea. Sijapotea. Kikombe nimekimaliza kwa adabu tu. Basi sogezeni vigoda, maana neno hilo lina wenyewe na lina siku yake ya kuzaliwa, na lilizaliwa hivi.

Katika kambi moja ya mkonge nje kidogo ya Korogwe, palikuwa na fundi bati aliyeitwa Singano. Vibatari, majiko, masanduku, kopo la kuchotea maji, vyote vilitoka mikononi mwake, na hakuna kilichotoka kitupu. Ukimpelekea debe akutengenezee karai, atakurudishia karai lenye nyota kitakoni. Ukimuuliza nyota ya nini, na karai huwekwa chini, atakujibu, "Wewe huioni, lakini karai linajua."

Alikuwa kafiwa na mkewe miaka saba nyuma. Nyumba yake ilikuwa safi, na kimya kama chupa iliyozibwa.

Sasa, bendi ya kambi ilikuwa na gitaa moja la umeme, na gitaa hilo lilikufa siku mpiga ngoma, mtu wa kilo zake, alipolikalia akidhani ni mto. Mpiga gitaa, Mhina, alilia kama kafiwa na ndugu. Singano kwa huruma yake akasema mbele ya watu, "Usilie, mwenzangu. Nitakutengenezea jingine."

Alisema hivyo, ikapita miaka mitatu.

Msidhani alikuwa mvivu. Kiwiliwili alikichonga kwa mlango wa mvule, shingo kwa mninga. Spoki za baiskeli alizikata vipande akazipanga shingoni, vidole vipate pa kukanyagia. Sumaku alizing'oa katika spika mbovu, akazizungushia waya mwembamba wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, akahesabu mpaka elfu tatu, jirani akaja kuomba moto, hesabu ikapotea, akaanza upya. Kazi yote ilikwisha mwaka wa kwanza. Iliyobaki ni nakshi. Na nakshi, kwa Singano, haina mwisho: huiweka, huitazama, huing'oa, huanza upya. Kila akiulizwa, "Fundi, gitaa vipi?" hujibu, "Tayari. Bado urembo."

Langoni mwa kambi ile alikaa Bi Mwantumu, muuza vitumbua. Singano alikuwa akinunua vitumbua sita kila asubuhi, naye mtu mmoja, tena hapendi vitamu. Mwenye akili alikwisha kuelewa. Bi Mwantumu alielewa tangu kitumbua cha kwanza.

Lakini mama yule alikuwa kaungua. Mume wake wa zamani alikuwa mtu wa kuanza. Alianza nyumba ikaishia kwenye madirisha. Alianza kisima kikafika magotini. Alianza kujifunza cherehani, akashona mguu mmoja wa suruali. Kitu pekee alichokimaliza ni kuondoka.

Basi Singano akamtuma mshenga, Mzee Mntangi, apeleke barua ya posa. Na kwa bahati, au kwa ubaya, wiki ileile barua ya pili ikaingia kwa Bi Mwantumu, kutoka kwa Kaniki, karani wa mizani, mwanamume wa shati jeupe na kitambaa cha jasho kilichopigwa pasi. Nanyi mnajua, barua ya posa haiwekwi chini ya godoro ikasahauliwa. Wazee wakampa Bi Mwantumu mpaka Jumamosi awe amejibu.

Akamwambia Mzee Mntangi, "Nenda kamwambie fundi hivi. Mwanamume wa nusu kazi nimekwisha kuolewa na mmoja, ananitosha. Jumamosi alasiri kuna dansi klabuni. Gitaa lake likilia, barua yake naijibu. Lisipolia, najibu ile nyingine."

Mzee Mntangi alifika kwa Singano anahema. Singano alisikiliza, akaweka nyundo chini, akasema, "Jumamosi hii?"

"Kwani umeambiwa ya mwakani?"

Jumatano wakalichukua gitaa nyumbani kwa Mhina, likiwa uchi kama kuku aliyenyonyolewa, wakaliunga kwenye redio yake kubwa ya zamani. Mhina akagusa uzi mmoja. Loo! Sauti ikatoka nene, tamu, ikapita dirishani ikawafikia wanawake bombani, mmoja akaachia ndoo ikafurika. Mhina aliketi chini sakafuni, machozi yanamlenga.

"Fundi," akasema, "basi. Usiliguse tena. Lipake vanishi tu unipe."

"Nikupe hivi? Mbele za watu?" Singano akashangaa kweli. "Mhina, wewe ungemtoa bibi harusi nje kabla hajavishwa?"

Akalibeba, akarudi nalo kibandani.

Alhamisi akachonga vifundo viwili vya pembe ya ng'ombe, vya kupandishia na kushushia sauti. Akapachika vipande vya mfupa mweupe shingoni, mviringo mviringo. Akakata nyota ya bati akaibandika kwenye ubavu wa gitaa, na kule juu penye funguo za nyuzi akaweka herufi M ya bati, iliyong'arishwa kwa majivu. Mhina alipoiona alishukuru sana. Singano hakumsahihisha.

Ijumaa ikabaki sumaku. Na sumaku ile, tuseme ukweli, ilikuwa mbaya. Nyaya zimezungushwa, nta imemwagwa juu, kama kidonda kilichofungwa na mtu mwenye haraka. Iko katikati kabisa, chini ya nyuzi, kila jicho litaangukia hapo. Singano akakata debe jipya, akalikunja likawa kifuniko kidogo cha kulingana, na kwa ncha ya msumari akatoboa maua arobaini, kila ua na petali zake tano. Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na sidhani kama aliwahi tena. Akalisogeza taratibu, akakusudia kuligonga vijisumari. Haikuhitajika. Sumaku ililivuta yenyewe, tap! Likakaa.

Singano akacheka peke yake. "Limekubaliwa," akasema.

Hakulijaribu tena. Kilicholia Jumatano, Jumamosi kinyamaze kwa sababu gani?

Jumamosi saa tisa alasiri klabu ilijaa mpaka watoto wakaning'inia madirishani. Jenereta linanguruma nyuma. Karani Kaniki kakaa mstari wa mbele, kitambaa mkononi. Bi Mwantumu kakaa pembeni na sinia lake, uso hausemi kitu. Mzee Mntangi kavaa koti la harusi yake mwenyewe, kaketi kati yao kama mwamuzi wa mpira.

Gitaa lilipofunuliwa khanga, watu walisema "Aaah!" kwa pamoja. Linameta! Nyota, mifupa, pembe, maua. Singano akasimama kando yake, kifua mbele. Mhina akachomeka plagi, akamwangalia mpiga ngoma kwa onyo, akapiga.

Ikatoka sauti ya nzi ndani ya chupa.

Akapiga tena. Nzi yuleyule.

Mhina akapandisha kifundo mpaka mwisho. Spika ikanguruma yenyewe, nyuzi hazimo.  Halafu Kaniki akauliza kwa upole, na upole ndio uliouma, "Fundi, limelala, au limeomba ruhusa?"

Klabu ikaangua kicheko. Singano akaushika waya, akautikisa. Mzima. Akaangalia plagi. Nzima.  "Labda vifundo," akasema, akang'oa pembe zake mbili akaweka chini. Mhina akapiga: nzi. "Labda nyota inagusa waya." Akaing'oa nyota, akaibandua na mifupa ya shingoni. Nzi. Akaitoa hata ile M, ambayo ilikuwa mbali na kila kitu, na hapo ndipo mngemwona mtu aliyekata tamaa.

"Jamani!" akapiga kelele mama mmoja nyuma. "Anamvua bibi harusi hadharani!"

Singano hakucheka. Alikuwa kapiga magoti mbele ya gitaa, jasho linamtiririka, haangalii kulia wala kushoto, maana kulia alikuwa Kaniki na kushoto alikuwa Bi Mwantumu, na hakujua ni upande upi unauma zaidi. Miaka mitatu. Akasikia viatu vya karani vinajiandaa kusimama. Akajiona tayari asubuhi ya kesho, akipita langoni kwa kuzunguka nyuma ya maghala.

Ndipo sinia likawekwa chini, na Bi Mwantumu akaja mpaka pale.

"Fundi."

"Bibie."

"Jumatano nilikuwa bombani. Ndoo iliyofurika ni yangu. Lililolia lilikuwa gitaa hilihili?"

"Hilihili."

"Na kila ulichokiongeza baada ya Jumatano umekitoa?"

"Kila kitu."

"Na hicho cha katikati?"

Singano akatazama. "Hicho? Hicho ni bati."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Bati halina kosa, Bi Mwantumu. Bati ni kazi yangu. Miaka ishirini na miwili nafanya bati, sijaona bati likikosea."

"Kwa hiyo pembe inaweza kukosea, mfupa unaweza kukosea, Mhina anaweza kukosea, ila bati."

"Ila bati," akasema Singano, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kuanza kushuka.

"Toa, baba," Bi Mwantumu akasema polepole, bila kumcheka. "Likiwa halina kosa, utalirudisha."

Singano akaweka kucha chini ya kifuniko, akavuta. Kikamponyoka, tap! Kikarudi. Akavuta tena. Tap! Sumaku imekikumbatia, haitaki. Hapo mkono wake ukasimama. Mtu yule hakuwa mjinga, alikuwa mpenda urembo tu, na haya ni maradhi mawili tofauti. Akazitazama nyuzi za chuma zilizo juu. Akalitazama bati lililo chini.

"Mhina," akanong'ona, "sumaku kazi yake ni kuzisikiliza nyuzi. Nami nimeiletea chuma kingine, nimekiweka kifuani kabisa. Itazisikilizaje?"

Akaingiza bisibisi, akang'oa. Ikabaki sumaku mbaya, yenye nta, ile ya Jumatano.

"Piga," akasema, akafumba macho.

Mhina akapiga.

Wanangu, sauti ile! Ilitoka kama maji yaliyofungiwa siku tatu. Mabati ya paa yakaitikia. Mpiga ngoma akarukia ngoma zake, tarumbeta ikafuata, watoto wakadondoka madirishani kama maembe. Na Singano akabaki palepale chini, anacheka na kufuta macho kwa mkono wenye mafuta, mpaka uso ukawa mweusi wote isipokuwa meno.  Alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka mtoni.

Mzee Mntangi akaona wakati wake umefika. Akanyoosha koti, akamsogelea Bi Mwantumu, akakohoa kikohozi cha mshenga, akaanza: "Bibi mtukufu, ua la bustani, lulu ya kambi hii, kwa niaba ya mheshimiwa fundi bingwa, mjukuu wa mabingwa, ambaye nyota yake yang'ara usiku na mchana, mbele ya wazee hawa na mbele ya vijana hawa, natanguliza salamu zenye harufu ya miski, marashi na..."

"Mzee wangu," Bi Mwantumu akamkatiza, akamshika mkono kwa heshima, "sumaku haivikwi bati. Mwache aseme mwenyewe."

Bendi ikashusha sauti. Mzee Mntangi akafunga mdomo, salamu zikiwa bado zimejaa shavuni.

Singano akainuka. Alitafuta neno zuri, lenye nakshi, ungeona kabisa linatafutwa. Halafu akaliacha.

"Mwantumu," akasema, "kwangu jioni hakuna mtu wa kuongea naye. Vitumbua navipa kuku. Njoo tuishi pamoja."

Bi Mwantumu akamwangalia. "Kuku wangapi?"

"Wanne. Wamenenepa."

"Nimekubali," akasema. "Barua yako imejibiwa."

Vigelegele vikapasua hewa. Karani Kaniki alikunja kitambaa chake kwa pembe nne, akakitia mfukoni, akaenda kucheza kama wengine, maana alikuwa mtu mzima, na ukweli wenyewe muziki ulikuwa mtamu.

Kile kifuniko cha maua arobaini Bi Mwantumu alihamia nacho jikoni, akakigeuza upande wa makali, na akagundua kwamba hakuna kitu Korogwe nzima kinachokwaruza kungumanga vizuri kama kile. Mumewe aliona fahari.

Na neno lile kambi ikalidaka. Meneja akizunguka badala ya kusema mishahara itachelewa, watu watamwambia. Kijana akimsifu msichana kwa lugha ya redioni, ataambiwa. Hata mimi, nikisimulia jambo na kuanza kuliongezea hiki na kile, pale linapotakiwa kuishia, wenzangu hunikatiza nalo, kwa hiyo sitawafafanulia zaidi:

Sumaku haivikwi bati.