Pikapu Isiyo na Cheche

Bwana Mkwizu, mwenye kiwanja, alitaka kumtimua Sikudhani, fundi wa magari aliyepanga gereji hapo, ila hakuwa na sababu ya kusema mbele za watu. Asubuhi moja akaisukumisha pikapu yake kuukuu hadi gereji, wateja wa mama ntilie wa jirani wakitazama.

"Stata inazunguka, gari haliwaki. Ukishindwa mpaka adhuhuri, fungasha."

Sikudhani alijaribu plagi zote. Hakuna cheche. Akafungua distributa, kikombe kinachogawia plagi umeme, akachungulia, akafunika taratibu. Kisha akachomoa waya mnene wa katikati ya kifuniko chake.

"Mzee, hapa nimekwama. Ushike huu nikipiga stata. Usipokurusha, nafungasha sasa hivi."

Mkwizu akacheka. "Huo? Umekufa huo!" Akaukamata kwa mkono mzima.

Sikudhani akapiga stata. Mkwizu aliruka, kofia huku, kiatu kule.

"Haiwezekani!" akafoka. "Cheche imetoka wapi? Rota ya ndani ya distributa nimeing'oa kwa mkono wangu, hii hapa mfukoni!"

Mama ntilie akaacha kupakua. Kijiwe kizima kikamgeukia Mkwizu.

"Waya huo unatoka kwenye koili inayozalisha umeme, mzee, hauna haja na rota," Sikudhani alisema, akikinga kiganja. "Gari lako ndilo linaihitaji. Haya, itoe."