Zimwi Lililopima Utamu kwa Ukubwa

Sogeeni, niwape ya kale. Paliondokea mama mmoja, Mwanakheri, aliyeolewa mbali na kwao. Siku moja akirejea kutoka kumzuru mamake, mtoto mgongoni, zimwi likamzibia njia.

“Nimechunguza,” likasema. “Nilikula ndimu, chachu. Nikala chungwa, tamu. Nikala tikiti, tamu zaidi. Basi kitu cha mviringo kikikua, utamu huzidi. Na kichwa cha mwanao kimelipita tikiti!”

Mwanakheri akatia mkono kikapuni mwake. Katika kalimati alizopikiwa na mamake, viduara vitamu vya unga na shira, ilibaki moja, aliyoiweka ili ladha ya kwao isimtoke upesi. Akaitoa, roho ikimuuma.

“Umekosea, babu. Utamu ni uleule. Kitu kikikua, utamu hutawanyika. Onja hii ndogo.”

Zimwi likacheka, likaitia kinywani. Machozi yakalitiririka.

“Mama alikuwa akinipikia hizi,” likasema, “nilipokuwa bado naenea mapajani mwake.” Likasogea kando ya njia. “Pita, mwanangu. Mama yako yu hai?”

“Yu hai.”

“Basi usikawie kumrudia.”

Nami naishia hapo. Mwenye mama na akamwamkie.