Gogo Nyuma ya Baiskeli

Wapo wanaodhani kwamba upole ni jina jingine la woga. Humwona anayekwenda taratibu wakamcheka, wakamwita konokono, wakampita mbio na kumwachia vumbi puani. Wamekosea! Kwenda pole ni kazi ya mwenye nguvu, na mteremko mmoja kusini mwa Bunia ulilithibitisha hilo mwaka 2003, vita vilipowamwaga watu barabarani kama mahindi yaliyopasua gunia.

Rodrigue alikuwa kijana wa miraba minne. Riziki yake ilikuwa kusafirisha mawese kwa baiskeli kutoka Mambasa hadi Bunia, na kwa kusukuma mizigo mizito hakuwa na mpinzani. Siku hiyo hakubeba mawese. Alimbeba mama yake, Mama Bernadette, aliyevunjika mguu mwezi uliotangulia. Fundi wa mifupa aliufunga mguu kwa vijiti akaonya: mfupa umeanza kushikana, lakini ukishtuliwa kwa nguvu, mama huyu hatatembea tena. Kwa hiyo walimketisha nyuma ya baiskeli juu ya godoro lililokunjwa, mguu wake ukafungwa kwenye ubao. Rodrigue alishika usukani. Nyuma alisukuma Delphin, mume wa dada yake, mwalimu wa fizikia, mtu mwembamba kama ufito.

Milio ya bunduki ilikuwa imebaki mbali nyuma ya vilima, na kila mmoja alianza kupumua. Lakini walipofika ukingoni mwa mteremko mrefu, waliona mawingu meusi yakiushukia mto ulioko bondeni. Mvua ikinyesha kabla hawajavuka, mto ungefurika na daraja la magogo lingezama. Ng'ambo kulikuwa na kanisa lililowapokea wakimbizi.

Baiskeli ile haikuwa na breki. Wasafirishaji wa mawese wana desturi yao: kabla ya kushuka, hukata gogo na kulifunga nyuma ya baiskeli, likaburuta chini na kupunguza mwendo. Rodrigue aliyajua hayo tangu utotoni, ila macho yake yalikuwa kwenye mawingu.

"Leo hakuna gogo," alisema. "Tunashuka mbio. Chini kule nitaisimamisha na kifua hiki."

"Shemeji, weye unataka kumuua Mama?" Delphin aliuliza.

"Prof, hapa hakuna tableau ya kuandikia chaki. Peleka masomo yako kwa watoto!"

"Sikiya kwanza. Kitu kizito chenye kukimbia hakisimame bure. Kinadai nguvu, na ile nguvu inadai muda. Ukisimamisha kinga, hii baiskeli, kwa ghafula, muda unakuwa kidogo, basi nguvu inakuwa ya kutisha, na yote inaingia mu mufupa ya Mama. Ukirefusha muda, nguvu inapungua. Siye tunaita ile impulsion."

"Impulsion, impulsion! Na mvua iko inakuya!"

"Mukigombana," Mama Bernadette alisema kutoka juu ya godoro, "mvua nayo haitawangojea. Mutoto wangu, funga gogo."

Rodrigue alinuna, lakini neno la mama halirudishwi. Alikata gogo upesi. Delphin alimwomba alifunge kwa mpira wa tairi, kwa kuwa mpira huvutika na haukatiki unaposhtuka. Rodrigue akaona kuufungua mpira uliofunga vyombo vyao ubavuni mwa baiskeli ni kupoteza wakati, akachukua kamba ya magome iliyokuwa mkononi. Ndilo kosa lake.

Walianza vizuri. Gogo liliburuta likichora mtaro nyuma yao, na baiskeli ikashuka kwa adabu kama bibi harusi. Katikati ya mteremko gogo lilinasa kwenye jiwe. Ta! Kamba ilikatika kama uzi.

Baiskeli ilichomoka. Delphin alivutwa miguu ikigusa na kuacha ardhi. Rodrigue alikimbia kando yake, mikono ikimwaka moto, huku daraja likiwajia mbio. Sasa aliona kilichofichwa na umbali: magogo mawili ya katikati hayakuwepo. Akataka kujitupa mbele ya gurudumu, aikabili baiskeli kwa kifua kama alivyojigamba.

"Usikinge na kifua!" Delphin alipiga kelele. "Shambani! Peleka shambani!"

Kushoto kulikuwa na shamba la viazi vitamu lililolimwa karibuni, matuta yake yakizunguka ubavu wa kilima. Ilikuwa kujitupa au kusikia. Rodrigue aliumeza ujeuri wake akakata kona pole, kidogo kidogo, hadi gurudumu likaingia kati ya matuta mawili.

Udongo laini ulilipokea. Haukuligonga; ulilishika, ukalilegeza, ukalishika tena. Majani ya viazi yalijisokota kwenye vijiti vya gurudumu. Wanaume wawili walivuta nyuma kwa miguu iliyozama hadi vifundoni. Baiskeli ilipunguza mwendo, ikapunguza tena, ikapita nusu ya shamba, mwishowe ikasimama kimya kama ng'ombe aliyefika zizini.

Hakuna aliyethubutu kumtazama mama. Kisha sauti yake ikasikika:

"Sasa munataka kunipanda pamoja na viazi?"

Delphin aliketi chini kwenye tuta akacheka hadi machozi yakamtoka. Rodrigue aliupapasa mguu wa mama yake, kijiti kwa kijiti. Ulikuwa umenyooka vilevile.

"Unaumia, Mama?"

"Ninaumia njaa."

Rodrigue alirudi kushika usukani. "Prof," alisema bila kuinua macho, "shika huko nyuma. Tushuke polepole."

Walikata gogo jingine, na safari hii Rodrigue alilifunga kwa mpira kwa mkono wake mwenyewe. Darajani walimbeba mama juu ya godoro, wakalikwepa pengo kwa kukanyaga magogo ya kando yaliyobaki, kisha wakairudia baiskeli. Mvua ilianza walipokuwa mlangoni mwa kanisa, ikapiga mabati kwa vishindo, nao wakaisikiliza wakiwa wakavu, mama akila ndizi ya kuchoma.

Kifua kipana hakikumwokoa mama yule, wala mbio hazikumvusha mto. Mwenda pole hajikwai.