Gurudumu Linalokaa Kabla ya Nati

Bisheni. Nasema bisheni sasa hivi, maana nawajua: nikifika katikati, kuna mmoja wenu atakohoa kile kikohozi cha "Jeki kaanza." Haya, kohoeni mapema tuendelee. Nifungeni macho kwa kitambaa, niwekeeni gurudumu lolote mapajani, nami nitawaambia kwa kulipapasa tu limetoka kwenye gari la namna gani, na kama mwenyewe ni mtu wa haraka au mtu wa subira. Hamwamini? Msiamini. Shule niliiacha darasa la sita, na yenyewe haikunifuata nyumbani kuniuliza kulikoni. Lakini gari zenu zikipepesuka, nyinyi mlioisoma mpaka ikaisha, mnazileta kwa nani? Basi tulieni.

Mtu mmoja alikuwa na gari dogo. Aliitwa Mzee Shekigenda, tabibu wa zahanati ya hapa mlimani tangu baba zetu wakiwa na meno ya utoto, na wakati ninaousema alikuwa amestaafu. Gari lenyewe zamani lilikuwa jeupe. Watoto waliliita Peasi, kwa kuwa lilikuwa jembamba mbele na limevimba nyuma kama tunda hilo. Nyinyi mliohamia juzi hamkulikuta, na mmekosa. Siku hizi gari zinapita hapa na muziki mpaka vikombe vinahama mezani, na hakuna anayegeuka kutazama. Peasi lilikuwa likianza kupanda kile kilima cha msikiti, kwa ile sauti yake ya mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba msamaha, mama muuza mahindi anajua kuwa ni saa kumi ya Jumapili, anageuza mahindi yake upande wa pili. Hatukuwa na haja ya saa. Tulikuwa na Peasi.

Kila Jumapili mzee alimteremsha mkewe, Bi Mwantumu, mpaka chini tambarare kumwona dada yake. Bi Mwantumu nusu ya mwili wake ilikuwa imelala tangu alipopatwa na kiharusi. Basini hakuweza kukaa. Gari la watu alilikataa, maana mumewe peke yake ndiye aliyejua kumwinua bila kumuumiza, na kiti cha mbele cha Peasi kilikuwa kimeshonewa mito inayomshika pale anapoegemea. Katikati ya mteremko kuna kona yenye chemchemi. Hapo walisimama kila safari, kwenda na kurudi. Mzee alimchotea mkewe maji kwa kikombe cheupe cha bati, kisha akazunguka gari akigusa nati za kila gurudumu kwa vidole viwili, taratibu, kama anayepima mapigo ya moyo. Tulimcheka sana. Miaka arobaini ameshika mikono ya wagonjwa, tukasema, sasa anatibu vyuma.

Sasa sikilizeni. Alhamisi moja ukaja ujumbe kutoka chini: Bi Salima amelala, hali chakula, anamuulizia mdogo wake. Na huyo Bi Salima si dada wa kusalimiana tu. Ndiye aliyembeba Bi Mwantumu mgongoni siku mama yao alipozikwa, na hakumtua mpaka alipoolewa. Mzee akalitazama gari lake. Rimu zilikuwa za chuma, nyembamba, za tangu gari lilipozaliwa. Ya mbele kushoto ilikuwa na ufa, na zile tatu zililiwa na kutu hata kidole kingepenya. Kwa magurudumu yale, kufika sokoni, sawa. Kuteremka mlima, hapana.

Akampelekea gari fundi mmoja. Jina lake silitaji. Alikuwa jirani yangu wa karibu mno, hata kinyozi tulikuwa na mmoja. Kijana, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi.

"Nataka kama hizi hizi, mwanangu," mzee akasema.

"Kama hizi? Mzee wangu, hizi hata punda akivalishwa analala chini. Unampeleka bibi kwa dada yake na viatu vya shamba?"

Akamwonyesha rimu nne zilizoning'inia kwenye waya, pana, zinang'aa mpaka unajiona meno. Zilitoka kwenye gari kubwa kuliko Peasi mara mbili.

"Matundu mangapi?" mzee akauliza.

"Manne. Na Peasi lina boliti nne. Nne na nne, mzee, hapo panahitaji chuo kikuu?"

Mzee alikuwa bado anasitasita. Lakini Bi Mwantumu, ndani ya gari, alikuwa amegeuza shingo kwa taabu kuzitazama zile rimu, na jua lilikuwa limezipiga likarudi usoni kwake. "Zinang'aa," akasema, kwa sauti ya msichana. Basi. Mume gani angekataa?

Shida ni kwamba matundu manne ya gari moja si matundu manne ya gari jingine. Yaweza kuwa sawa kwa hesabu na yasiwe sawa kwa nafasi. Yale yalikuwa yameachana kidogo tu, upana wa punje ya hindi, na zile boliti zikagonga ukingo zikakataa kuingia. Chuma kilisema hapana. Yule fundi akamwambia mzee aende na bibi wakanywe chai, akachukua tupa, akachonga matundu moja baada ya jingine mpaka yakawa na umbo la yai. Hili ndilo kosa letu sisi watu wa magurudumu; hakuna mwingine duniani anayeweza kulifanya. Mshona viatu akiona kiatu hakiingii, hachongi mguu. Sisi tunachonga, tunakaza nati kwa nguvu zote, tunapiga teke moja, tunasema, "Hapo umemaliza." Mzee aliporudi alikuta gari limesimama juu kama jogoo, na hakuna aliyeona mayai yale, maana nati zilikuwa zimeyaziba.

Ijumaa asubuhi wakateremka. Kona ya kwanza, magurudumu yakasugua madigadi. Bi Mwantumu akacheka. "Baba Rukia, Peasi limejifunza kukoroma." Kona ya pili likakoroma tena, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwa mzee kama mkono wa mgonjwa wa homa. Wakafika kwenye chemchemi. Mzee akachota maji, akampa mkewe kikombe, akazunguka na vidole vyake viwili. Nyuma, salama. Mbele kulia, nati moja ikazunguka kwa kidole. Mbele kushoto, upande wa bonde, nati moja haikuwepo kabisa, na zile tatu zilicheza kama meno ya mtoto wa miaka saba. Akazichomoa. Akayaona mayai.

Alikaa juu ya jiwe mpaka pumzi ilipomrudi. Kisha akakaza nati zilizobaki, akageuza gari kwa kwenda mbele na nyuma mara kumi na moja, wakapanda mlima kwa mwendo ambao mtoto angewapita akitambaa. Bi Mwantumu hakucheka tena. Alitazama nyuma, kule chini, mpaka kona zikaufunga ule upande wa dada yake.

Alasiri ileile mzee akaenda kwa fundi wa pili. Fundi wa pili ni mimi. Pigeni makofi au pigeni kelele, vyote napokea.

Sikumuuliza anataka zinazong'aa au zisizong'aa. Nilichukua moja ya zile rimu kuukuu alizozileta kwenye gunia, nikaipaka masizi ya sufuria upande wa ndani, nikaikandamiza juu ya kipande cha boksi. Alama ikabaki: matundu manne, na lile tundu kubwa la katikati linalokumbatia kichwa cha ekseli. Nikapima kwa njiti ya ufagio jinsi rimu ilivyozama ndani, maana gurudumu likitokeza nje mno linabeba mzigo kwa bega, na likizama mno linasugua kile kinachoishi ndani. Nikakunja boksi langu, nikapanda gari la mboga mpaka Korogwe, kwenye yadi ya gari zilizokufa. Nililala palepale kwa mlinzi. Kulipokucha nikaanza kuweka boksi juu ya rimu moja hadi nyingine. Ya kwanza hapana. Ya tano hapana. Kuna moja nilitamani sana iwe ndiyo, ilikuwa nzuri kama bibi harusi. Boksi likasema hapana. Ya kumi na saba ilikuwa chini ya kigari kilichogeuzwa banda la kuku, ndugu yake Peasi kwa baba na mama. Nikawafukuza kuku, nikafungua zote nne. Chuma kitupu, rangi ya uji. Mbaya kama sura yangu nikiamshwa.

Jumamosi kabla ya adhuhuri nilikuwa nimerudi. Na hapa ndipo ninapotaka mnyamaze. Niliinua gurudumu la kwanza, nikalisogeza, likaingia katikati, likatulia. Nikaachia mikono. Halikuanguka. Hapakuwa na nati hata moja, na gurudumu limekaa pale kama mtu aliyerudi kwao. Nikamwita mzee aje aone. Akaweka vidole vyake viwili juu yake, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Gurudumu lililo lako hukaa kabla hujalifunga. Nati inalinda kilichokwisha kukubali. Haikuumbwa kulazimisha kilichokataa.

Wakaondoka mchana uleule. Sauti ya Peasi ikateremka kona moja moja, ile ile ya zamani, bila kukoroma, na mama muuza mahindi akageuza mahindi yake ingawa haikuwa Jumapili. Jioni walifika. Bi Salima alikuwa bado hai, na macho yanatambua watu. Waliwalaza ndugu wawili kwenye kitanda kimoja, kama walivyolala utotoni, na waliokuwepo wanasema mmoja alikuwa akianza habari na mwingine anaimalizia, na kwamba walicheka jambo ambalo hawakumweleza mtu. Walikaa hivyo siku tatu. Jumanne alfajiri Bi Salima akafariki, mkono wake ukiwa ndani ya ule mkono wa mdogo wake unaohisi.

Leo Mzee Shekigenda hayupo, Bi Mwantumu naye alimfuata mwaka huohuo. Peasi limeegeshwa nyuma ya nyumba yao, chini ya miplamu, na msimu ukifika plamu zinalidondokea paani. Huwa napita. Nagusa nati. Hazijawahi kulegea.

Nyinyi mliosoma mtaniambia gari ni nini na tundu ni nini. Mimi najua tu kuwa nimeona ndoa zenye matundu ya yai, na kazi, na hata imani, zimekazwa kwa nguvu na zinang'aa barabarani. Wewe unayechagua leo cha kuziba pengo la kilichochakaa: ukiachia mikono, kitakaa?

Ningeishia hapo, mkanisifu, nikaenda zangu. Lakini mmenitazama vibaya, kuna kitu nimekiruka.

Kinyozi tulikuwa na mmoja kwa sababu kichwa kilikuwa kimoja. Hapakuwa na fundi wa kwanza na wa pili. Zile rimu zilining'inia kwenye waya wangu, na tupa ile bado ninayo. Ijumaa ile alasiri, nilipoona Peasi linapanda kwa kutambaa, nilitaka kukimbilia nyuma ya kibanda. Miguu ikakataa. Mzee akashuka. Nilingoja matusi, na ningeyapokea, maana matusi nayaweza. Akasimama mlangoni, akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye bado anaweza kupona, akasema:

"Aliyenifungia jana simtaki. Nenda ndani, kaniitie mwingine."

Nikaingia ndani. Nikasimama gizani kati ya matairi, nikalia kidogo, msinicheke. Kisha nikatoka, akanipokea kama hatujawahi kuonana. "Habari yako, fundi," akasema. "Nina gari dogo." Mpaka anakufa hakunitajia tena yule wa kwanza, wala mbele za watu, wala tukiwa wawili.

Kwa hiyo mimi huwa namtaja mwenyewe. Na leo nataja na hili, ambalo hata kwake sikuwahi kulitamka. Nimewaambia wale ndugu walikaa pamoja siku tatu. Zilikuwa ziwe nne. Ile moja niliichonga mimi, kwa tupa, huku napiga mluzi.