Sugu za Sheikh Ngamia

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji wa wacha Mungu, tena wenye njaa. Msinitazame hivyo, mimi nasimulia tu. Kanzu yangu iacheni.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na Sheikh Ngamia, tajiri wa nundu na ghala. Kila Ramadhani walimpelekea mtama wa fitri awagawie maskini kabla ya sala ya Idi. Walimwaminia nini? Sugu za magotini. Sisi watu wa dini, tukishaona sugu, hatuulizi tena!

Basi Ramadhani moja, Bi Kwale, mjane, makinda wake walikuwa wakilia njaa. Akaenda kwa Sheikh.

"Hodi, Sheikh. Naomba fitri, wanangu wanakufa."

"Onyesha magoti." Akaonyesha. "Hayana sugu. Nenda kasali."

Bi Kwale akasali, akasali, akasali. Akarudi.

"Onyesha magoti. Bado hayana sugu. Nenda kafunge."

Akafunga, ingawa hata asipofunga hakuwa na cha kula. Ngamia naye alifunga, nundu ikimlisha ndani kwa ndani, huku akihubiri subira. Na waumini, wajinga kama mimi, wakaitikia, "Amina!"

Asubuhi ya Idi, Bi Kwale akaja na makinda wake mbele ya jamaa nzima. Yule mdogo hata kulia hakuweza tena. Inauma, jamani.

"Onyesha magoti," akasema Ngamia.

"Sheikh, mguu wa ndege hukunjika kwa nyuma, sugu itatoka wapi? Ila nami nina swali. Hiyo sugu kubwa ya kifuani umeipataje? Nani anasujudu kwa kifua?"

Punda, jirani wa Ngamia, akaangua kicheko. "Lo! Huyu ndivyo anavyolala, kapiga magoti, kifua chini, anacheua mpaka adhuhuri!"

"Kumbe ni sugu za usingizi!" wakapiga kelele wote.

Ghala likafunguliwa. Mtama ukagawiwa. Kinda mdogo akadonoa, akadonoa, akadonoa, ndipo sala ikasaliwa. Ngamia siku hiyo alijipanga safu ya nyuma.

Funzo ni hili: mcha Mungu hajulikani kwa goti lake, hujulikana kwa tumbo la jirani yake.

Nami nina sijida, alama ya kusujudu, hii hapa usoni, mnaiona? Mke wangu anasema nimeipata kwa kusinzia kwenye nguzo ya msikiti, hotuba ikisomwa.

Hadithi imekwisha. Utamu wake gawaneni sawa. Uchungu mwachieni mwenye sijida.