Chungu Kinachokohoa

Mmezoea kuhubiriwa habari za mfinyanzi na udongo wake. Wahubiri wanaupenda sana udongo, maana haujibu. Mimi leo sihubiri udongo. Nahubiri kidole.

Kulikuwa na mama mmoja mfinyanzi, na nawaambia alikuwa fundi. Vyungu vyake vikishuka sokoni havikurudi. Wafinyanzi wenzake wakamchagua awe mkuu wao, wakampa kigoda akae mbele. Alistahili. Wapo wanaopewa viti kwa upendeleo, mnawajua, lakini huyu siye.

Wafinyanzi wale walikuwa na desturi yao. Chungu kikishachomwa na kupoa, mwenyewe hakigongi. Hukigonga mwingine, kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia kama kengele. Chenye ufa wa ndani hukohoa. Kwa nini mwenyewe hagongi? Akina mama, mmezaa. Mtoto wako akiimba vibaya, wewe unasikia?

Binti wa mwisho wa huyo mama akaposwa. Na kwao, chakula cha kwanza cha wakwe ni lazima kipikwe katika chungu cha mkono wa mama wa binti. Kikiharibika, wakwe hurudi kwao wakisimulia, na binti ataishi na masimulizi hayo mpaka azeeke. Basi mama akafinyanga vyungu viwili vikubwa ili achague kimoja. Akamwita mke wa mwanawe, msichana aliyeolewa pale msimu uliopita, ndiyo kwanza anajifunza kufinyanga.

"Haya, gonga."

Msichana akagonga cha kwanza, kikalia. Akagonga cha pili, akainamisha kichwa, akagonga tena.

"Mama, hiki kinakohoa."

"Kinakohoa? Wewe uliyekuja kwangu na masufuria, umejuana lini na kikohozi cha chungu?"

"Basi, mama. Labda ni sikio langu."

Kesho yake akapita mke wa mwenye mashine ya kusaga. Mama mwenye mwili wake, mwenye pete, hajawahi kugusa udongo isipokuwa siku alipoteleza. Hakuna aliyemwomba. Akakigonga kile cha kwanza kwa pete.

"Shoga, hiki mbona kina makelele? Chungu cha heshima hulia kwa adabu."

"Hata mimi nilikuwa nakitilia shaka, dada," akasema fundi wetu. Na kile chungu kizima, kinacholia kama kengele, akakipeleka uani kikatiwa pumba za nguruwe.

Mnacheka. Chekeni, mtanyamaza.

Siku ya wakwe ikafika. Nyama ya mbuzi iko chunguni, moto unawaka, wageni wameketi mikekani. Mchuzi ulipoanza tu kuchemka, chungu kikafunguka kama mdomo. Mchuzi ukazima moto, nyama ikalala majivuni. Shangazi wa bwana harusi akauliza, kwa upole kabisa, "Huku kwenu nyama huungwa kwa majivu?"

Mfinyanzi mkuu akamgeukia mke wa mwanawe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama."

"Lini?"

Hapo ndipo nataka mtege masikio. Alipouliza "lini" hakuwa anadanganya. Alitafuta moyoni kweli, lile neno hakulikuta. Neno la mwenye pete alilikuta, limekaa kitako, bado lina joto. La msichana halikuwahi kuingia ndani. Na sikio ni lile lile. Zamani, alipokuwa anajifunza, fundi wake akisema "umepinda" alivunja na kuanza upya bila kuuliza. Sikio halikubadilika, kilichobadilika ni mahali anapokaa. Wanaochunguza ubongo wa binadamu wanasema neno la mkubwa na neno la mdogo hayautikisi sawasawa. Wangeuliza jikoni wangejibiwa mapema.

Lakini alikuwa mwanamke, si gunzi. Hakulia. Aliingia ndani akatoka na chungu cha yule msichana, cha kujifunzia, kimeegemea upande mmoja kama mlevi. Akakigonga mbele ya wakwe. Kikalia.

"Hiki ni cha mkono wa nyumba yangu," akasema. "Aliyekifinyanga alisikia nisichosikia mimi. Chinjeni mbuzi mwingine."

Wakwe wakala. Yule shangazi akaomba kuongezewa.

Sasa nawaona mnatikisa vichwa. Mmeshajipatia funzo lenu mwende nalo nyumbani: wakubwa wawasikilize wadogo. Ngojeni kidogo. Na yule msichana je? Alisikia vizuri kuliko wote. Akatupiwa neno moja kutoka kwenye kigoda, papo hapo akalishtaki sikio lake mwenyewe. Nani alimtuma? Mama hakusikia kwa sababu ya kigoda. Msichana alikana alichosikia kwa sababu ya kigoda hicho hicho. Kigoda kimoja, viziwi wawili.

Ndivyo tulivyo sisi. Mwenye gari akitusifu upuuzi, tunalala nao kama mto. Jirani asiye na kitu akituambia kweli, tunauliza amekula nini leo. Na tukiwa sisi ndio wa chini, tunameza kweli yetu tukiita adabu. Adabu gani hiyo inayolisha nguruwe kwa chungu kizima? Mungu aliyekupa sikio hakukupa nusu. Litembeze likiwa limenyooka, kama mwenye mali.

Na kwa kuwa tunasemezana ukweli: tangu tumeanza ibada, mimi nimesimama mbele yenu na gauni nimelivaa ndani nje, mishono yote inawatazama. Nimefanya makusudi. Mke wa mchungaji ameona, akaangalia dirishani. Wazee wa kanisa wameona, wakasema amina. Na wewe binti uliyekaa pale karibu na mlango ulianza kunyanyua mkono, halafu ukaushusha ukajikuna kichwa, kana kwamba ndicho ulichokusudia.

Mama huyu unayemwona si udongo mbichi. Ameshachomwa siku nyingi, hatavunjika kwa kidole chako.

Nyanyua tena ule mkono, binti. Nigonge.