Aliyerudi Akinuka Pombe

Mjane mmoja alikuwa na cherehani, binti mmoja, na chupa ya chai ambayo ndani yake hamkuwa na chai. Jina lake Sekela. Alishona sare za shule na magauni ya kwaya katika mji mdogo wa milimani, kule ambako mvua haikatiki, na watu walimsifu kwa mshono wake ulionyooka. Mumewe alipofariki, alianza kunywa kidogo apate usingizi. Baadaye akanywa apate kuamka. Aliamini hakuna ajuaye. Mtaa mzima ulijua, ila kila mmoja aliona aibu kumwambia.

Siku moja binti yake, Atuganile, alimletea mjukuu wake wa kwanza, bado mchanga kabisa. Sekela akampokea, akamwinamia ambusu. Atuganile akasikia harufu. Hakuitaja. Alimchukua mtoto taratibu kutoka mikononi mwa mama yake, akambeba mgongoni, akaaga kwa heshima, akaondoka. Angefoka, Sekela angepata la kujibu. Ule ukimya ndio uliomkata.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa akasema ameacha pombe. Waumini walipiga makofi na vigelegele, wakamwombea, wakamkumbatia. Na kwa muda aliacha kweli. Halafu jioni moja ya baridi, nyumba ikiwa kimya, alishindwa. Tangu hapo hakukanyaga tena kanisani. Angewatazamaje watu waliompigia vigelegele? Mwanzo alikunywa kwa huzuni. Sasa alikunywa kwa aibu, na aibu ina kiu kubwa zaidi.

Mikono ilianza kumtetemeka, hata sindano ya cherehani ikamtoboa kidole. Muuguzi wa zahanati aliyemfunga kidonda alimtazama, akaelewa, wala hakumhubiria. Alimwambia tu kwamba Jumamosi mchana, kwenye chumba cha nyuma ya zahanati, hukutana watu wanaosaidiana kuacha pombe.

Sekela alikwenda. Alipofika mlangoni akapitiliza, kana kwamba anaelekea mashine ya kusaga, kisha akazunguka akarudi nyumbani. Jumamosi nyingine alifika hadi dirishani, akasikia wanacheka. Alishangaa. Hakujua kwamba watu kama yeye wanaweza kucheka bila kunywa. Safari iliyofuata akaingia.

Walikuwa karibu wote wanaume, isipokuwa bibi mmoja muuza ndizi. Kiongozi wao, Ambakisye, aliwahi kuwa dereva wa lori hadi pombe ilipomwondoa kwenye usukani. Alimkaribisha, hakumwuliza kitu. Kwa wiki kadhaa Sekela aliketi kimya akiwasikiliza wakisema wazi mambo ambayo alidhani ni yake peke yake duniani: kuficha chupa, kutafuna kitunguu saumu kabla ya kufungua mlango, kuapa asubuhi na kuvunja kiapo kabla jua halijazama. Siku alipofungua kinywa alisema, "Mwanangu aliniondolea mjukuu mikononi," akalia. Hakuna aliyepiga makofi. Bibi muuza ndizi alimshika tu mkono, akaushikilia mpaka kikao kikaisha.

Basi akaanza kupona, kwa siku nzuri na siku ngumu. Lakini familia ilipokutana kumkumbuka marehemu mumewe, kikombe cha pombe kilizungushwa, na mkono wake ukakipokea kabla hajafikiri. Alikunywa mpaka shemeji zake wakambeba.

Jumamosi ilipofika, alikwenda kule zahanati akiwa bado ananuka. Alikuwa ameshapanga moyoni: ataaga, kisha ataondoka kabla hawajamfukuza. Akasimama mlangoni, akasema, "Nimekuja kuwaaga. Nimekunywa tena. Sistahili kukaa nanyi."

Ambakisye akamjibu, "Mama Atu, kwani ulidhani tunakutana hapa kwa sababu tumepona? Leo ndiyo siku yako hasa. Pita ukae."

Na kabla hajamaliza kusema, watu kwenye benchi walikuwa wameshasogea. Sekela alitazama ile nafasi, upana wa mtu mmoja, akaenda akakaa. Mwanamume aliyekuwa kando yake hakugeuza uso.

Sitawadanganya kwamba hakuanguka tena. Alianguka mara nyingine, ila hakukaa chini muda mrefu, maana alijua pa kurudi. Siku zikapita, mikono yake ikatulia, naye akarudi kushona. Atuganile alikuja kumtazama, akakaa naye, akaja tena. Sasa akienda sokoni humwachia mtoto, na akirudi huwakuta wamelala wote wawili.

Hili jambo moja, ndugu zangu, limenikosesha raha. Mwanamke huyu tulimwombea sisi, tukampigia vigelegele sisi, na alipoanguka hakutukimbilia sisi. Alikwenda kwa watu waliokuwa wameanguka kama yeye. Nawauliza, nami nikiwa mmoja wenu: Sekela akiingia humu kanisani Jumapili ijayo akinuka pombe, ni nani kati yetu atasogea ili akae, na ni nani atasogea ili asimguse?